Gitaa ya Kuria

Mume wangu hajui tofauti ya L na R. Kwa hapa Kigali hilo si ajabu, ndimi nyingi ziko hivyo, ila mimi nimekulia Tanzania, upande wa Karagwe, mtoto wa wakimbizi, na shuleni kwetu herufi hizo mbili tulizipata kwa fimbo. Yeye ni wa hapa hapa. Kiswahili chake alikiokota kwa wapiga muziki wa Kongo na madereva wa malori, na tangu wiki ya kwanza ya ndoa nikawa ninamrekebisha. Siku moja aliniomba karamu, eti aandike namba ya simu. Nikamwuliza wageni ni wangapi. Alicheka hadi akakaa chini, na kesho yake akaomba karamu tena.

Alikuwa mpiga gitaa. Si wa kujulikana, wa harusi na wa kwaya tu. Gitaa lenyewe ni la umeme, la zamani, jekundu lililofifia mpaka likawa rangi ya tofali, na alilinunua ujanani kwa Mkongomani mmoja aliyekuwa anarudi Bukavu. Jioni nikipanda kutoka dukani kwangu Gitega, mtaa wa hapa hapa Kigali, ninakoshona nguo, nilimsikia kabla sijafungua geti. Hakuwasha spika. Alipiga nyuzi kavukavu tu, tiki tiki tiki, na mama mkwe ananung'unika jikoni kwamba huyu mtoto hajawahi kukua.

Kisha kikaja kiharusi. Kilimkuta asubuhi akifunga kamba za viatu. Hospitali walimtunza vizuri, sina neno. Alirudi nyumbani mguu ukikokota kidogo, mdomo umepinda upande, na mkono wa kushoto umelala mapajani kana kwamba mtu kauweka pale akausahau. Kusema alikuwa anaweza. Daktari alituhakikishia kwamba maneno yote yamo kichwani, ni ulimi tu ulio mzito. Lakini aliposikia mwenyewe jinsi yanavyotoka, yamelowa, yamepondeka, aliona aibu akafunga mdomo. Akabaki na yego ya kukubali, oya ya kukataa, na amina. Ukimwuliza kitu kirefu, anageukia ukutani.

Mtaalamu wa viungo alikuja nyumbani, dada mmoja mchangamfu, akaniambia bila kuzunguka. Mkono huu bado una nguvu ndani yake. Bega linaweza, kiwiko kinaweza. Vidole ndivyo vimepotea, na huenda visirudi kama zamani. Asipoutumia utajikunja na kukaza, na ukishakaza ndiyo basi. Alimwachia mpira wa kuminya na mazoezi ya kuinua na kushusha. Mume wangu akaitikia yego, yego. Dada wa watu alipotoka tu, mpira ukapotea. Niliutafuta nyumba nzima nikaukuta chini ya godoro, upande wake. Nikaurudisha mkononi mwake. Kesho yake ulikuwa ndani ya kiatu.

Nilimfokea. Nilimbembeleza. Niliuweka ule mkono begani kwangu nikamwambia haya, tucheze dansi. Wapi! Kila wiki niliuona unazidi kukunjika, vidole vinaingia ndani ya kiganja, na mimi ninavifungua kimoja kimoja ili nimkate kucha. Niliogopa sana. Niliuogopea mkono, na zaidi nilimwogopea mwenye mkono, mtu aliyelala pale mchana kutwa asitake kitu chochote. Nilitaka mume wangu arudi, na sikujua nimwitie wapi.

Basi siku moja akasema neno jipya. Alisema, "Kuria."

Aliyekuwa chumbani ni mama yake. Mabukwe wangu, huyo mama mkwe, tunakaa naye, ni mukecuru, bibi kizee mwenye masikio makali, na Kiswahili hakitaki kabisa, anasema ni lugha ya sokoni. Yeye alisikia Kinyarwanda chake: kurya, yaani kula. Alitoka mle ndani mbio, na mbio aliziacha zamani. "Arashaka kurya!" Mwanangu anataka kula! Tangu arudi kutoka hospitali alikuwa anakula kwa kubembelezwa kijiko kwa kijiko, kwa hiyo nyumba nzima ilishangilia. Ukaletwa uji. Akanywa kidogo, kwa heshima ya mama, akasema tena, "Kuria." Vikaja viazi vitamu na maharage. "Kuria." Zikaja ndizi. "Oya," akasema, akasukuma sahani, na mama yake akaionja aone kama ni chumvi.

Tulikwenda hivyo siku kadhaa. Kila akifungua mdomo, sahani inaingia.

Mimi nikajiona mjanja zaidi. Nilijua Kiswahili, tena nilijua Kiswahili chake. Huyu akisema kuria anataka kusema kulia. Jamani! Mtu amepata maradhi haya, amejikaza wiki zote hizi, sasa anaomba kulia, na mama yake anamjaza viazi! Nilimtoa mabukwe chumbani kwa adabu, nikafunga mlango, nikakaa kitandani nikamkumbatia kichwa. "Lia, baba," nikamwambia. "Lia tu mume wangu. Hakuna anayekuona." Nikaanza mimi ili kumfungulia njia, na nililia vizuri, kwa sauti, kwa maana yangu yalikuwa yamejaa. Nilipofuta macho nikamkuta ananitazama vile mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Oya," akasema.

Kisha akanishika mkono. Aliuvuta kwa mkono wake mzima, akaulaza juu ya kifua chake, kiwiko huku, kiganja kule, na vidole vyake vikaanza kunibonyeza ngozi. Kimoja, viwili kwa pamoja, kimoja. Vikahama. Vikabonyeza tena. Mwanzoni nilidhani ananipapasa, nikaanza kuona haya mchana kweupe. Halafu nikaitambua ile kazi. Nimeiona ikifanywa miaka yote ya ndoa yetu kwenye shingo ya gitaa, ila kwa mkono mwingine. Akainua macho ukutani, kule gitaa lilikoning'inia, na kwa shida, mate yakimtoka pembeni, akasema: "Gitaa. Ya kuria."

Mkono wa kulia! Hakuwa na haja ya chakula wala ya machozi. Alitaka gitaa ligeuzwe, mkono wa kulia ndio ubonyeze, na ule wa kushoto uliolala upewe kazi ya kupiga juu na chini, kazi ya bega na kiwiko. Sisi tulisema amekata tamaa, kumbe mwenzetu kageukia ukuta anapiga hesabu. Nilimbusu kichwani, nikatoka nje nikimwita mabukwe kwa kelele, nikamweleza yote. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: sasa viazi vyote vile nilikuwa nampikia nani?

Nilifikiri kazi ni ndogo. Nililishusha gitaa nikamlazia mapajani likiwa limegeuzwa, shingo upande wa kulia. Kumbe ukiligeuza gitaa, nyuzi nazo zinageuka: zile nene zinakwenda chini, zile nyembamba zinakuja juu, na kila kitu alichokijua kikawa kichwa chini miguu juu. Akapapasa kidogo, akalisukuma. "Nyuzi," akasema. Nikaelewa kwamba lazima nizihamishe, mnene ukae mahali pa mwembamba, hivyo hivyo hadi mwisho.

Sasa mimi ni fundi cherehani, mambo ya nyuzi na skrubu ndogo hayanitishi. Nikatandaza kanga mezani, nikafungua nyuzi zote. Ndipo nikaliona daraja. Yeye huliita shevale, kwa Kifaransa cha wakubwa wa zamani, na mimi naliita daraja kwa sababu nyuzi zinapita juu yake. Ni bamba la chuma lililofungwa kwenye mwili wa gitaa, na juu ya bamba kuna vipande vidogo sita, kila kipande kinabeba uzi wake. Miaka yote kiganja cha mume wangu kilikuwa kimeegemea pale wakati anapiga, na jasho lake lilikuwa limekila kile chuma. Kutu tupu. Isitoshe kila uzi ulikuwa umejichimbia mfereji, mnene mfereji mpana, mwembamba mfereji mwembamba. Sasa ukiuweka uzi mwembamba kwenye mfereji mpana unachezacheza, unatoa mlio wa nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Ule mnene nao haukai kwenye mfereji wa mwenzake, unaruka.

Nikasema nitavipandisha na kuvishusha vile vipande kwa skrubu zao, labda vitakubali. Skrubu zilikuwa zimeganda. Nikatia mafuta ya cherehani, nikangoja, nikajaribu tena. Nilipokaza mkono kichwa cha skrubu kikalika, bisibisi ikateleza ikanichoma kidole. Nikatukana, tusi la Karagwe, refu. Nyuma yangu, kutoka kitandani, nikasikia pumzi zinatoka puani kwa mkupuo. Mume wangu alikuwa anacheka! Tangu kiharusi alikuwa hajacheka. Nilikuwa tayari kujichoma tena.

Alinyoosha mkono nimpe lile bamba. Akalipindua, akalikwaruza kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Mpya," akasema.

Nina dada yangu anakaa Kampala, na Kampala wana maduka ya vyombo vya muziki kuliko hapa. Nikampigia picha, nikampimia, nikamtumia. Hapo ndipo nilipofanya kituko changu. Nilipima kwa futi yangu ya kushonea, ile ya kitambaa, ambayo imenizunguka shingoni miaka na miaka na imevutika. Kwa kazi yangu haina shida. Futi ya nguo inapima kiuno, na kiuno kina siku yake ya kula na siku yake ya kufunga, unaacha nafasi kidogo mambo yanaisha. Chuma hakina nafasi kidogo. Mzigo ulifika na basi, nikaenda kuuchukua stendi ya Nyabugogo, nikabishana na mbeba mizigo mmoja aliyetaka kunibebea kibahasha, nikapanda pikipiki nimeukumbatia. Nilimwambia motari aende taratibu nimebeba mayai.

Nikalifungua mbele yake. Lilikuwa zuri, linang'aa, vipande sita vinateleza bila kelele. Nikaliweka mahali pake. Matundu ya skrubu hayakukutana. Tundu la kwanza lilikutana na la kwanza, la pili likakwepa, na kufika la mwisho palikuwa na kosa la kuonekana bila miwani. Nikalisukuma huku, nikalisukuma kule, kama vile likiona nimekasirika litarefuka. Mume wangu akapitisha kidole juu ya yale matundu yasiyokutana. Akageukia ukutani.

Nikasema hapana, huko ukutani huendi tena. Nikazunguka kitanda, nikabanana katikati ya ukuta na godoro ili akigeuka aniangalie mimi. "Sikiliza," nikamwambia. "Kesho tunashuka Agakiriro. Wewe na mimi. Mimi sijui hili dubwana likae wapi, nimeshapima mara moja umeona nilichokifanya. Usipokuja, nitamwambia fundi alipigilie misumari."

Nyumba yetu iko Gisozi, juu kidogo ya karakana za Agakiriro, na tangu asubuhi mpaka jioni tunasikia misumeno ya maseremala. Ni mwendo mfupi sana. Lakini yeye alikuwa hajatoka getini tangu arudi, kwa ajili ya ule mdomo, na kwa ajili ya salamu. Hapa mtu hakupiti hivi hivi, anasimama, anakuuliza umeamkaje, anangoja jibu. Kesho yake nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, shati amelivaa, vifungo vimepishana. Sikuvigusa. Nikabeba gitaa limefungwa ndani ya kanga, akaniegemea, tukashuka. Majirani walimsalimia. Aliwajibu kwa kichwa, na mmoja alipong'ang'ania akamwambia "Yego," naye akaridhika akaenda zake. Tulipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia.

Fundi tuliyempata alikuwa anatengeneza vitanda na makabati. Nilifunua kanga, nikamweleza kwamba nataka kubadilisha daraja.

"Daraja?" akasema. "Mama, madaraja ni ya serikali. Mimi niko na vitanda."

Nikamwonyesha. Akaelewa haraka, alikuwa mtu mwelewa, ila alitaka kumaliza haraka vilevile, apanue yale matundu basi. Nikamwambia matundu yakipanuka daraja litacheza, likicheza gitaa halitashika sauti, na mimi nitarudi hapa kila siku ya Mungu mpaka alichoke jina langu. Akanitazama akaona sitanii. Akachonga vijiti vya mbao ngumu, akavitia gundi, akaziba matundu yote ya zamani. Kipande cha kule shingoni, kile chenye mifereji ya kupitishia nyuzi, akakichonga upya kwa pembe ya ng'ombe, mifereji minene upande wa pili. Tukarudi siku nyingine gundi ikiwa imekauka.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kutoboa. Ukikosea kutoboa, daraja likakaa kombo, nyuzi zinakwenda pembeni ya shingo na gitaa ndilo limekufa. Nikatoa uzi wangu wa kushonea, mweusi. Tukauvuta kutoka kichwani mwa gitaa hadi mkiani, mmoja huku ambako uzi mnene utapita, mwingine kule kwa mwembamba. Mume wangu akainama, akafumba jicho moja. "Oya." Nikasogeza. "Oya." Nikasogeza kiduchu. "Yego." Fundi akatia alama kwa penseli.

Drili ilipoanza kunguruma, gitaa likatetemeka mezani. Fundi, macho kwenye kazi, akamwambia mume wangu, "Mzee, kamata hapo." Hakujua. Aliona mzee amesimama upande ule na mkono uko karibu, akamwambia akamate, kama ambavyo angemwambia mtu yeyote. Na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme huo mkono mgonjwa. Mume wangu akauinua kwa bega, akaudondosha juu ya gitaa, ukalala pale mzitomzito kwenye ule mwili mwekundu, akaubana kwa kiwiko. Ukashika. Tangu kiharusi sisi wote tulikuwa tunaubembeleza ule mkono, hakuna aliyekuwa ameutuma kazi. Nilikaa kimya nikiutazama unatetemeka pamoja na drili.

Kimya changu hakikudumu. Kwenye tundu la mwisho drili iliteleza ikabandua rangi kiasi cha ukucha. Nilipiga ukelele ambao nadhani walioko Nyabugogo waliusikia.

"Mama," fundi akasema akizima mashine, "wewe iko na kelele kushinda drili."

"Yego," akasema mume wangu.

Nilinuna mpaka tulipofika nyumbani. Nilinuna kwa raha.

Tukangoja Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Asubuhi ya siku hiyo watu wako kwenye mitaro na majembe, maduka yamefungwa, na bondeni kwetu misumeno yote imelala. Mwezi mzima hakuna asubuhi nyingine ya kusikia kitu chembamba. Mimi niliruhusiwa kubaki na mgonjwa. Mabukwe alikwenda, si kwa kulima, kwa kusimama kando akiwaonyesha wengine palipobaki.

Nikazifunga nyuzi, mpya, kila mmoja upande wake mpya. Nikawa nahamisha vile vipande sita vya daraja kwa bisibisi ndogo, mbele au nyuma kidogo, kwa sababu kila uzi unataka urefu wake ili ukibonyezwa juu useme sawasawa na ulivyosema ukiwa wazi. Mimi siwezi kuisikia tofauti hiyo. Yeye aliweka sikio juu ya mbao. Masikio yake hayakuguswa na kiharusi hata chembe. "Mbere," akasema. Sikumrekebisha, nilikuwa nimebana bisibisi nyingine kwa meno. "Nyuma. Oya, mbere." Akanifanyisha kazi kama kibarua. Kila nilipodhani tumemaliza, ananionyesha kidole uzi uleule.

Kile kipande cha plastiki cha kupigia hakuweza kukishika, vidole havikukubali. Kwa hiyo nilikuwa nimemshonea mkanda wa kitambaa cha jinzi wa kuvaa kiganjani, na plastiki nimeishonea pale pale kwa mishono miwili ya kurudia. Nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikamvisha, nikaukaza mkanda. Nikamwekea gitaa mapajani. Nikakaa kwenye stuli mbele yake.

Akaanza na mkono wa kulia. Vidole ambavyo miaka yote vilikuwa na kazi ya kupiga sasa vilikuwa vinajifunza kubonyeza, na vilikuwa vizito vya aibu, vinaziba uzi usiotakiwa, vinasahau unaotakiwa. Alivipanga. Akavikosea. Akavipanga tena. Kisha bega la kushoto likapanda, mkono ukaanguka kwenye nyuzi.

Ilikuwa sauti ya sufuria iliyoanguka.

Akapanga vidole tena. Mkono ukaanguka. Ukakaa kule chini muda, kana kwamba umefikiria, halafu ukapanda wenyewe, na ukiwa unapanda ukazigusa nyuzi. Chini. Juu. Yeye hakuwa anautazama. Macho yake yote yalikuwa kwenye mkono wa kulia, ananung'unika, anapigana na vile vidole vyake vipumbavu, na ule wa kushoto unakwenda zake, chini, juu, mkono ambao kwa mpira na kwa dansi na kwa kufokewa ulikataa katakata. Niliogopa nikisema neno lolote mkono utanisikia na kukumbuka kwamba unaumwa. Mabega yangu yaliuma. Huko nje palikuwa kimya kabisa, na ndani ya nyumba kulikuwa na ile kelele mbaya, isiyo na wimbo, inaanza na kukatika, inaanza na kukatika, na sikutaka iishe.

Akaacha. Nikadhani amechoka, nikainuka kumpokea gitaa. Akatikisa kichwa. Alikuwa ananitazama mimi usoni, amekunja uso, na mdomo wake uliopinda ukaanza kuhangaika. Nilimwona anayakusanya maneno. Yalitoka yamelowa na yamepondeka, na yalikuwa mengi kuliko yote aliyoniambia tangu atoke hospitali.

"Mbona unanyamaza?" akasema. "Iko mbaya?"

Tangu kiharusi hakuwa ameniuliza kitu.

"Mbaya sana," nikamwambia. "Mbaya kweli kweli. Endelea."

Akainamia vidole vyake, akaendelea.